Mzee Shao Jinhe, Mwonyesha Wageni wa Ukuta wa Nanjing

Marehemu Mzee Shao Jinhe alizaliwa tarehe 9 Novemba 1948 mjini Nanjing, katika kichochoro kilichoegemea ukuta wa mji karibu na Lango la Zhonghua. Alikuwa mtoto pekee wa fundi wa taa za sikukuu, Mzee Shao Depei, na mkewe Luo Guizhi. Jiko la nyumba yao lilijengwa kuta tatu tu. Wa nne ulikuwa ukuta wenyewe wa mji. Matofali yake mengi yamepigwa mhuri wa jina la aliyeyafyatua, hivyo marehemu alijua kusoma kabla hajaiona shule: mama yake alimfundisha majina ya mafundi wale huku akikoroga uji.

Alianza shule ya msingi mwaka 1956 na sekondari mwaka 1962. Masomo yalikatika mwaka 1966, shule zilipofungwa nchi nzima. Miaka miwili baadaye alipelekwa pamoja na vijana wengine kulima huko Huaiyin, kaskazini mwa mkoa, na hakurudi hadi 1979. Wenzake walirudi na magunia ya karanga. Yeye alirudi na habari za kila daraja na kila hekalu alilolipita njiani, na hakuna aliyeweza kumnyamazisha.

Domo hilo ndilo lililompatia mke. Bibi Rao Xiuzhen alikuwa akiuza bata wa chumvi karibu na lango. Siku moja Jinhe alisimama kwenye foleni akiwasimulia watu jinsi askari elfu tatu walivyoweza kujificha ndani ya mapango ya lango lile. Alinogewa hata akawa anawapisha watu wampite, na alipofika mezani bata walikuwa wamekwisha.

"Kaka, ulikuja kununua au kuhutubia?" Xiuzhen alimuuliza.

"Kununua, dada. Ila lango likinikaa machoni, tumbo huwa linasubiri."

Kesho yake alikuta amewekewa paja. Walifunga ndoa tarehe 1 Mei 1980, na mwaka 1982 wakajaliwa mtoto wao, Yuansong.

Mwaka 1985 marehemu aliacha kazi ya kiwandani, aliyopewa aliporudi mjini, akawa mwonyesha wageni. Jamani, ilikuwa raha kumfuata! Alikuwa akitembea kinyumenyume ili asiwape wageni kisogo, mikono ikipaa, koti likipepea. Aliwapeleka Ziwa la Xuanwu wakati mayungiyungi yamechanua, akawapakia mashua za Mto Qinhuai taa zikiwaka, akawapandisha Mlima Zijin kwenye kaburi la mfalme wa enzi za Ming, ambako tembo na ngamia wa mawe wamejipanga kandokando ya njia. Huko ndiko walimu kutoka Anhui walipochoka kungoja chakula cha mchana, na mmoja wao akasema, "Mzee Shao, haya mawe yako yanaliwa?"

"Mwalimu, ngamia huyu hajala tangu enzi za Ming," akajibu, "na wewe ndiye wa kwanza kulalamika."

Lakini kila ziara aliimalizia juu ya ukuta. Alitamani siku moja watu waweze kutembea chini yake na juu yake bila kukatizwa na vibanda. Mwaka 1994 siku hiyo ilifika, na kibanda kimojawapo kilikuwa chake, ile nyumba ya wazazi wake. Mji ulitaka nyumba zilizoegemea ukuta ziondolewe. Marehemu alikubali kabla ya jirani yeyote, tena bila kumuuliza mkewe.

"Baba Yuansong, ulinioa mimi au ulioa matofali?"

"Matofali hayanifokei, mama Yuansong."

"Haya, yakupikie."

Walihamia ghorofa ya nne, ng'ambo ya mto. Bibi Xiuzhen aliapa kwamba mguu wake hautakanyaga ukuta uliomlia jiko lake. Kila tarehe kumi na sita ya mwezi wa kwanza wa kalenda yetu ya mwandamo, watu wa Nanjing wanapopanda ukutani kuyaacha huko maradhi ya mwaka, marehemu alimwomba waende wote, na kila mwaka alikwenda peke yake. Alipanda na maelfu ya wageni, lakini mgeni aliyemtaka hakuja. Akirudi alimletea matunda ya sukari kwenye kijiti. Bibi aliyala, ila hakuuliza yametoka wapi.

Mwaka 2023, wakati wa kiangazi, mapafu ya marehemu yalianza kumsumbua. Alilazwa mara mbili, kisha akaomba auguzwe nyumbani. Siku ya kupanda ukuta ilipowadia, tarehe 25 Februari 2024, hakuweza hata kushuka ngazi. Asubuhi ile Bibi Xiuzhen alivaa koti zito, akasema anakwenda sokoni na Yuansong. Baadaye simu ikalia.

"Nipo juu," Bibi akasema.

"Juu ya nini?"

"Juu ya mke mwenzangu. Nimekuja kuuacha ugonjwa wako, na upepo huku ni wa kuua mtu. Sema upesi, nitazame wapi?"

Marehemu aliketi wima, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa wiki nzima.

"Geukia kusini. Unauona mnara?"

"Nauona."

"Sasa nenda mashariki, polepole, mto uwe mkono wako wa kulia. Usiwafuate wanaokimbia." Akamtembeza hivyo lango hadi lango, pumzi ikimkatika na kurudi, mkono wake mmoja ukichora hewani.

"Kumbe ni pazuri," Bibi akasema mwishowe. "Mbona hukuniambia?"

"Nimekuambia miaka thelathini."

"Basi ungesema kwa nguvu."

Marehemu alicheka hadi ikabidi awekewe tena hewa ya oksijeni. Jioni hiyo aliwaambia majirani wote waliokuja kumjulia hali kwamba amemaliza kazi yake, maana mgeni wa mwisho amekwisha panda.

Alifariki dunia alfajiri ya tarehe 2 Machi 2024, akiwa na umri wa miaka 75, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Bibi Rao Xiuzhen; mwana, Yuansong, na mkewe, Fei Lanying; pamoja na mjukuu mmoja, Linyue. Ameacha pia wageni wasiohesabika, walioujua mji huu kwa kinywa chake.

Pumzika kwa amani, Mzee Shao. Wote uliowaongoza wamefika.