Mfalme Mbaya Aliyetaka Kuliliwa

Baba Padri, shemeji yangu Vestine, watoto, mafundi wenzake wa Gisozi, majirani wa Kabeza, na nyinyi mliosafiri kutoka Bujumbura, mimi ni mdogo wake marehemu, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, na nitasoma kwa Kiswahili ili sote tusikilizane.

Marehemu Léonce Rugamba alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Ngozi, Burundi, walikokimbilia wazazi wetu kutoka hapa Rwanda, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia 1968 hadi 1974, kisha akaenda Bujumbura kusomea useremala, na huko ndiko alikopewa ufalme. Mwezi wa Mei 1979 mwalimu wao wa Kifaransa aliandaa tamthilia ya kale, ile ya mfalme anayeua kaka yake na watoto wa kaka yake ili akalie kiti, halafu naye anauawa, na kwa kuwa kila mwanafunzi alitaka kuwa shujaa, ubaya wote ukamwangukia Léonce, mtu aliyekuwa akimwomba kuku msamaha kabla ya kumchinja.

Mfalme alipokufa, ukumbi mzima ulipiga makofi na vigelegele, na kaka yangu, aliyekuwa amelala jukwaani macho yamefumbwa, aliniambia baadaye kwamba jambo lile lilimuuma, kwa sababu hata mtu mbaya ana mama yake.

Alifunga ndoa na Vestine tarehe 5 Julai 1986, wakajaliwa watoto wawili, Kaliza mwaka 1990 na Ishimwe mwaka 1997, na mwezi wa Oktoba 1994 familia ilirudi nyumbani, hapa Kigali, ambako alichonga vitanda ambavyo nusu yenu mmelalia usiku wa kuamkia leo. Kila mwaka baada ya Pasaka aliigiza mfalme yule yule na kikundi cha parokia, alikufa vizuri sana, na kila mwaka akina mama walishangilia.

Mwaka 2022 Kaliza, aliyesomea mambo ya filamu, aliamua kuigeuza tamthilia hiyo kuwa filamu, mfalme akivaa suti badala ya joho, na baba yake alikubali kwa sharti moja tu, kwamba mfalme akishakufa azikwe, asomewe historia yake kama tunavyosomeana sisi, na walau mtu mmoja alie. Kaliza alikataa, akisema kisa kinakwisha mfalme anapoanguka, wakanuniana wiki tatu chini ya paa moja, mpaka Vestine alipogoma kupikia kambi mbili, na hapo binti akasalimu amri.

Tarehe 18 Novemba 2023 tulikusanyika Kabuga kupiga picha za mazishi hayo, mfalme akalala katika jeneza alilolichonga mwenyewe, majirani wakawa waombolezaji, nami nikasoma historia ya mfalme. Desturi yetu inamtaka msomaji aseme mema ya marehemu, nami nilikuwa nimetafuta wiki nzima nikapata moja tu, kwamba alikuwa mtu wa kuamka mapema, na niliposema hivyo watu walicheka hadi wakaegemeana. Tuliporudia, jirani yetu Nyiramana, muuza nyanya, ambaye asubuhi ile alikuwa ameona watoto wakiuawa mbele ya kamera, alisogea jenezani, akasema, "Wewe mfalme, kwenda! Umeua watoto ya ndugu yako, sasa unataka sisi tulie?" akaondoka zake, na waombolezaji wakampigia makofi. Mara ya tatu palikuwa kimya kabisa, lakini vanishi ya jeneza ilikuwa mbichi, na marehemu akapiga chafya, siku ikaisha bila mtu kumlilia mfalme.

Januari 2024 figo zilianza kumsumbua, akatibiwa zaidi ya mwaka, na akiwa kitandani alimwapisha Kaliza alete kamera kwenye mazishi yake, ayachukue machozi yetu ayaweke kwenye filamu, mfalme aliliwe. Aliaga dunia asubuhi ya tarehe 9 Februari 2025, mkono wake ukiwa katika mkono wa Vestine, na tulipowapigia simu wengi wenu mliuliza mje na nguo gani za kuigizia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomwita Mfalme hata walipokuwa wakimchoma sindano, majirani walioleta viti na vyakula, mafundi wenzake, kwaya, na wote tuliowasahau.

Kamera ililetwa leo, kama alivyoapisha, ikasimamishwa pale mlangoni, na wa kwanza kupita mbele yake alikuwa Nyiramana, aliyeangukia jeneza akalia mpaka kiatu kimoja kikamtoka. Kaliza alimtazama kidogo, akaifunga kamera, akairudisha garini, akaniambia kwamba mama huyu hamlilii mfalme, anamlilia mtu aliyemtengenezea meza ya nyanya bila kuombwa, na yeye hawezi kumnyang'anya baba yake machozi hayo ampe mtu mwingine.

Kwa hiyo kaka, utusamehe, mfalme wako atazikwa bila hata chozi moja. Wewe lala kwa utulivu, Léonce, hawa wote wanakulilia wewe.