Nyumba ya Ami Khalfan, Discovery Gardens

Mgeni rasmi, Bwana Mundhir, Ami yetu Khalfan, uliyeketi kuliani kwake, majirani, ndugu wanafunzi.

MAKARIBISHO

Bwana Mundhir, umeacha ghala lako kule Dubai Investments Park, siku ya Ijumaa, ukaja kuketi nasi mkekani kwa sababu viti vyetu ni vitatu. Karibu sana. Ami amepika pilau, lakini hatukukuita kwa ajili ya pilau. Magoti yake yamechoka kwa miaka ishirini na miwili ya kusimama jikoni, hotelini Marina, naye sasa anarudi Unguja moja kwa moja. Mkataba wa nyumba hii una jina lake peke yake, nao unakwisha Jumatano. Hilo ndilo lililotukutanisha.

TULIKOTOKA

Nyumba hii iligeuka ya wanafunzi kwa kosa la Kasian, yule anayejificha nyuma ya friji.

Miaka minne iliyopita Kasian alitua kutoka Mbinga, barua ya chuo mfukoni na dagaa wa Nyasa sandukuni. Chuo kilikuwa kimempa nafasi ya kusoma, si ya kulala, mabweni yalijaa. Alizunguka siku tisa. Kule Marina alimuuliza mlinzi mmoja Mkenya, Tonny, kama humo mna chumba cha mwanafunzi. Tonny akayatazama maghorofa, kisha akamtazama yeye.

"Kaka, mimi nalinda hapa mwaka wa pili na bado sijaona vile ndani kunakaa. Panda metro uende Discovery Gardens, huko watu wanagawana vyumba."

Akapata namba ya chumba kwenye ghorofa hii, akaahidi kufika saa kumi. Alifika mapema. Akasimama mbele ya mlango, akanyoosha shati, akaita, "Hodi!" Kimya. Akangoja, maana alilelewa kwamba mwenye nyumba huenda anavaa. Akaita tena. Akangoja zaidi. Muda ukayoyoma, na yeye amesimama wima kama mkwe mpya. Kwao hodi ni tatu. Zikipita bila jibu mtu hugeuka, wala hang'ang'anii mlango wa watu. Akaita ya tatu kwa moyo mzito, na ya tatu ikajibiwa, ila mgongoni mwake.

"Karibu! Nani huyo abishaye hodi ya kwetu?"

Ni Ami Khalfan, katoka mlango huu wetu unaoelekeana na ule, na mwiko mkononi. "Ya rabi! Huyo hajui hodi, baba. Bonyeza kengele!"

Kasian akabonyeza. Mwenye chumba akatoa kichwa. "Ulisema saa kumi, sasa kumi na moja. Nimengoja. Khalas, nimempa mwingine."

Kasian akaapa kwamba alikuwepo muda wote. Mlango ukafungwa angali anaapa. Machozi yakamjaa, akageukia ukuta yasionekane.

"Chumba chenyewe hakina dirisha," Ami akamwambia. "Ushakula?"

Alikaribishwa siku tatu. Yupo mpaka leo. Cyrus kutoka Nyeri hachoki kumcheka: "Wee Kasian, kengele imekaa hapo kama jicho, ulidhani ni pambo?" Cheka, Cyrus, lakini ni Kasian huyo aliyekuleta hapa kutoka kwenye korido ya chuo, umelalia begi.

TULIYOYAFANYA

Mpaka leo tumepita hapa wanafunzi kumi na wanne. Desturi yetu ni moja: aliyefika jana mjini hupewa kitanda cha dirishani, wala haulizwi atakaa siku ngapi. Waliomaliza wako Mwanza, Kisumu na Pemba, na bado hutuuliza kama shuka za Ami zinanukia karafuu. Zinanukia.

Siku zile zilikuwa tamu, Bwana Mundhir. Tunaikumbuka Ramadhani ya kwanza ya Kasian, Mkristo wa watu, akikunja sambusa za futari ya wenzake, na Ami juu ya kichwa chake: "Wakunja bahasha! Wampelekea nani barua?" Tunaikumbuka miezi ya mitihani, Ami akitoka kazini na viatu mkononi ili asitukatize kusoma. Ami, usitikise kichwa. Tulikuwa tunakusikia.

CHANGAMOTO

Tumetafuta kwingine. Tumeonyeshwa vijichumba vya mbao visivyo na hewa. Tumesoma matangazo yanayosema Mwafrika asipige simu. Tumeyasoma, tumesimama wima, hatukulia mbele ya mtu. Mwenye nyumba hii hana neno nasi. Anataka tu mkataba uwe na sahihi ya mtu mwenye ajira na makazi ya kudumu hapa. Sisi tuna viza za wanafunzi.

MAOMBI

Hatuombi sadaka. Kodi tunalipa wenyewe na tutaendelea kulipa. Tunaomba jina lako likae pale lilipokaa la Ami. Idi iliyopita ulitusimulia ulivyofika mji huu kijana, ukalala wiki nzima juu ya magunia ya iliki. Ulicheka uliposimulia. Sisi hatukuweza kucheka.

Nyumba si kuta na dari, nyumba ni anokujibu,
Tumevuka na bahari, kwa vitabu na adabu,
Hatukuja kwa fahari, wala kukimbia tabu,
Twaomba kwako jawabu, mlango usijefungwa.

Ukikataa tutakusindikiza mpaka kwenye lifti kwa heshima ile ile, kisha tutafunga mizigo. Ila kuna kijana wa Kigoma, Wahid, anayetua Alhamisi asubuhi. Jana alimpigia Kasian simu kuuliza aje na blanketi au asije nalo. Kasian alimjibu asijibebeshe mzigo, kitanda kimeshatandikwa. Hakuwa na moyo wa kumwambia jingine.

Mwenyezi Mungu akuzidishie afya, ailinde familia yako, na amfikishe Ami salama kwa wajukuu wake.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Nyumba ya Ami Khalfan.
Msomaji: Onesmus.