Maksai wa Chama

Mwaka 1953 nilipanda garimoshi Isaka, daraja la tatu, nikakaa mkabala na watu wawili wasiojuana. Mwanamume, Bartholomeo, alikuwa kiongozi wa chama cha kusaidia wagonjwa pale Shinyanga, na behewa zima lilishajua. Mwanamke, Mama Mbuke, alitoka kumtafutia mumewe dawa. Mume alirudi na kifua kibovu kutoka machimbo ya Geita, sasa amelala kijijini, nje kidogo ya Shinyanga, hawezi kusimama.

"Nikishuka nakuja kuomba mkokoteni wenu umpeleke hospitali," alisema.

"Mkokoteni upo, mayu, mama yangu, ila maksai tumewauza. Tumejenga ukumbi! Sakafu ya saruji, viti vya mninga, mapazia mekundu."

"Kwa hiyo mkokoteni unavutwa na mapazia?"

"Usinidhihaki. Tulikuwa tunakutana kibandani, nani angetuheshimu? Sasa matajiri watakuja, wataona, watatoa."

"Hata maksai walitolewa na watu kwa ajili ya wagonjwa, baba. Mmewakalia."

Nikajifanya natazama nje. Nimezunguka sana, na vyama vya huruma nilivyoviona vingi huanza kwa kujihurumia vyenyewe.

Garimoshi likapunguza mwendo. Mama Mbuke akakaza khanga kiunoni. "Basi nipeni kiti kimoja na wanachama wanne. Mume wangu mtambeba kama mwenyekiti."

"Viti havitoki nje ya ukumbi," Bartholomeo akajibu, wala hakuwa anatania.

"Basi nipeleke nikaongee na viti, maana naona ndio wanachama wenyewe."

Akamshika mkono wa koti. Tukasimama Shinyanga, wakashuka hivyo hivyo, hajamwachia.