Siku Punda Wote Walipokamatwa

Baraza ya nyumba yetu iko chini ya dirisha la jikoni, na wanaume watatu wanaoikalia baada ya alasiri hudhani kuta za mawe hazina masikio. Nawapikia kahawa kwa kuwa mume wangu aliwazoesha, kisha akapata kazi Mombasa akaniachia birika. Jana walikuja na hasira. Binti yangu Sumeiya aliwatengenezea programu ya chama chao cha wenye punda: ukitaka punda wa kubeba mchanga, unaomba kwa simu; punda wako akikamatwa anazurura, unapata ujumbe. Sumeiya hutumia wakala wa AI anayemwandikia programu. Humpa zana za kufanyia kazi, na kila zana ina maelezo yake. Ijumaa wakala huyo, katika kujaribu kazi yake, aliwatumia wanachama wote ujumbe mmoja: “Punda wako amekamatwa.” Mwenyekiti wao, Abdulkadir, tunayemwita Kamusi kwa kusahihisha maneno ya watu, alikuwa anamwoza mpwa wake saa hiyo. Mashahidi walitoka mbio, kiatu huku, kiatu kule. Sasa walikuwa wanaamua kama Sumeiya aondolewe kazini. Mji huu ni mdogo. Chama kimoja kikikuondoa, vingine havikuiti.

Aliyeanza ni Obeid, maarufu kama Radio.

Radio: Mimi hata punda sina. Nilimuuza kabla ya Ramadhani. Na bado nilikimbia!

Wa tatu ni Dawud, jina lake la baraza Mashaka.

Mashaka: Ulikimbia kwa sababu walitaka ukimbie.

Radio: Kina nani?

Mashaka: Wenye AI yao. Walitaka kuona kila mtu yuwashika ndia gani. Sasa wana ramani ya mji.

Kamusi: Ramani ya mji imebandikwa kila hoteli, Dawud.

Mashaka: Hiyo ya kutembea. Ya kukimbia hawakuwa nayo. Haba na haba hujaza kibaba.

Radio: Mimi nimesikia kule Ras Kitau kuna mtu anataka kuleta mikokoteni ya umeme. Lazima kwanza tugombane na punda wetu.

Kamusi: Punda hakutuma ujumbe.

Radio: Ndiyo uone ujanja wake!

Mashaka: Nawauliza hivi. Ilijuaje saa ya nikaha?

Kamusi: Mwaliko niliutuma kwa WhatsApp.

Mashaka: Haya! Imesoma, imeona watu wanaozwa, yenyewe haiozwi. Husuda hiyo. Asomewe kisomo yule binti, na simu yake ifukizwe ubani.

Hapo nikaona nikinyamaza mwanangu atafukizwa. Nikafungua dirisha.

— Bwana Dawud, zana za kutuma ujumbe ni mbili. Moja ni ya majaribio, inaingia simu ya Sumeiya peke yake. Nyingine inawafikia wanachama wote. Wakala haoni ndani ya zana. Anasoma maelezo, anachagua.

Kamusi: Basi amechagua vibaya. Hana akili.

— Yasomwe hayo maelezo.

Radio alikuwa nayo kwenye simu, Kamusi aliyatuma kwa wanachama baada ya kuyasahihisha. Akasoma kwa sauti ya taarifa ya habari:

— “Zana ya kwanza: Hutuma taarifa kuhusu punda. Zana ya pili: Hupeleka taarifa za punda.”

Kamusi: Kiswahili safi.

— Sumeiya hakuandika hivyo, nikasema. Yake yalikuwa marefu.

Kamusi: Marefu mno, Bi Swafiya. “Tumia hii kwa majaribio tu, haimfikii mwanachama. Usitumie ile nyingine mpaka mwenyekiti akubali.” Usitumie, usitumie! Hivyo huambiwa mtoto. Mwenye mato haambiwi tazama. Nikayapunguza, yakapata heshima.

Mashaka: Na ulipoyapunguza, nani alikuona? Huenda walikuwa wanakusubiri uyapunguze.

Hapo akatokea mgeni, furushi la mikeka begani. Alijitaja: Barka, wa Kipungani. Mikeka mingine ilikuwa bado gatini na alitaka punda wa kuibeba.

Mashaka: Umetumwa na nani?

Barka: Na mke wangu.

Mashaka akamkazia macho kama anayetafuta uongo wa jibu hilo. Radio, ambaye hawezi kukaa na habari, akampa simu na kumhadithia mkasa wote, mpaka viatu vya mashahidi. Barka akatua mzigo. Akasoma polepole, midomo ikitembea, kisha akarudia.

Barka: Samahani, wazee. Ipi kati ya hizi ndiyo ya majaribio?

Radio: Ya kwanza.

Kamusi: Ya pili.

Wakatazamana. Radio akasema basi labda ni ya pili. Kamusi akasema hapana, hebu, labda ya kwanza. Mashaka akainama juu ya simu naye, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakumtaja adui.

Kamusi akaichukua simu. Akavaa miwani, akayasoma maneno yake mwenyewe, akaisogeza simu mbali na uso, akaisogeza karibu. Kikombe chake kilikuwa kitupu na hakuomba kingine.

Akagonga ubao wa dirisha.

— Bi Swafiya. Sumeiya yupo?

— Yupo, anaosha vyombo.

— Mwambie ayarudishe maneno yake.

— Yote?

Akakohoa.

— Yote. Na kazi aendelee nayo.

— Hilo la kazi, nikasema, njoo umwambie mwenyewe. Mlango uko wazi.

Nikafunga dirisha. Nikasikia makubadhi yake yakizunguka pembe ya nyumba, polepole, kuelekea mlangoni.