Sikio la Mama Asnath na Sauti ya Tatu

Tarehe 30 Juni 2014, Muuguzi Asnath Ntakije anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi: kumi na mmoja Kasulu, ishirini na mitatu hapa kituoni kwetu Kibondo. Kamati imenipa kazi ya kumwandika kwa kuwa nimekaa naye chumba kimoja kuliko mtu mwingine. Haikuniuliza kama ninamwonea wivu. Ingeuliza, angeandika Loyce wa maabara.

Alipofika hapa mimi nilikuwa mapokezi, nagonga mihuri. Baadaye nilisomea utabibu, ila wagonjwa waliendelea kupanga foleni kwake. Mzee Reverien wa Nyabibuye nilimwandikia dawa ya kifua. Akashukuru, akainuka, akaenda upande wa pili wa pazia. Mama Asnath akamlaza ubavu wa kushoto, akasikiliza, akasema moyo wa mzee haupaswi kupiga hatua tatu. Siku hiyohiyo akapelekwa Kasulu, na alirudi anatembea. Tangu hapo kila msimu analeta mkungu wa ndizi, akiupitisha mbele ya meza yangu.

Moyo mzima hutoa sauti mbili, milango yake inapofunga. Ya tatu, ikiwapo, huweza kuwa dalili ya moyo unaoshindwa kazi; hufuata upesi, chinichini, kama mtu anayetua debe la mahindi chumba cha jirani. Niliisoma kitabuni mpaka jalada likatoka. Kuisikia, hapana.

Mwaka jana ndipo aliponihurumia. "Isack, unakandamiza kama bado unagonga mihuri," alisema. "Sauti hiyo ni dhaifu, ukibonyeza inakimbia. Kikombe cha kipimo cha kusikilizia kiguse ngozi tu."

Machi mwaka huu nikaisikia, kwa Ange, binti mwenye mimba ya miezi saba. Nikaandika rufaa ya Kasulu kwa kalamu nyekundu, na nikiri kwamba niliipitisha hadi jikoni ili ionekane. Mama Asnath akamsikiliza. Akampima presha, akabonyeza miguu kuona kama imevimba, akamwuliza kama analala bila kukosa pumzi.

"Umesikia vizuri, baba," akaniambia, mbele ya watu. "Lakini damu ya mjamzito ni nyingi, na moyo wa kijana huweza kupiga hivyo akiwa mzima. Sauti umeipata. Sasa mtazame mwenye moyo."

Daktari wa kituo alikubaliana naye. Ange alijifungua Mei, salama, na mtoto amepewa jina la Asnath. Sikutarajia aitwe Isack, ila nilikuwapo.

Jumatatu iliyopita Mama Asnath, ambaye siku hizi hupumzika mara mbili akipanda kutoka sokoni, alijilaza mwenyewe kitandani, ubavu wa kushoto. "Haya, nisikilize kabla sijaondoka. Usinipendelee."

Ana miaka sitini. Kwa umri huo sauti ya tatu si ya kufanyia mzaha. Miaka yote nilitaka kusikia kitu ambacho yeye hajakisikia, na nafasi ndiyo hiyo imelala mbele yangu. Nikaweka kikombe kiguse ngozi tu.

Sauti mbili. Nikarudia. Mbili. Akaitwa daktari, naye akasema mbili; kinachomchosha ni magoti. Sijawahi kufurahi hivyo kwa kukosa kitu.

Mama Asnath, asante kwa sikio lako, na kwa kulikopesha. Nenda nyumbani kwako Muyama ukapumzike, moyo wako uendelee na sauti zake mbili miaka mingi. Na mzee Reverien umwambie meza yangu iko palepale.