Nani Alimlisha Nani

Treni ya kwenda Gaya, India, ilikuwa imejaa. Devkant, mwalimu mstaafu wa historia, aliketi na Phulmati, msusi wa vikapu vya mianzi, na hakukawia kujigamba.

"Enzi za wafalme wa Magadha, mama, wakulima walitoa fungu moja katika sita ya mavuno. Mababu zangu Wabrahmini, tabaka la makuhani, hawakutozwa kitu. Wao walikuwa wakihesabu."

"Wangu walisuka vikapu vya kubebea nafaka hiyo. Sasa wako walizalisha nini?"

"Bila wao nani angejua ghala limejaa?"

"Panya."

Behewa zima likaangua kicheko, Devkant akiwashinda wote. "Kweli, mama! Ukoo mzima tumekula jasho la watu, na mimi hata kuotesha dania siwezi!"

Akapaliwa, machozi yakamtoka. Phulmati akamnyooshea chupa yake ya maji.

Abiria wakageuka kutazama. Kwa akina Devkant, tangu mababu, hakuna aliyewahi kunywa maji ya wasusi, watu wa tabaka la chini. Akaipokea chupa. Akanywa.

"Haya, nijibu," akasema Phulmati. "Nani alimlisha nani?"

Devkant akafungua kinywa, lakini treni ilishasimama kituo cha Jehanabad, na Phulmati alikuwa akiteremka na vikapu vyake, chupa akiwa amemwachia Devkant mkononi.