Korongo Lenye Zulia

Ndani ya bajaji ya Mbezi Luis, Tabu alijifanya anachezea simu, kumbe anachungulia picha ya zamani mkononi mwa jirani yake, Kaneez. Marehemu baba yake Kaneez, suti safi, amesimama kwenye korongo la mto lenye miamba myeusi.

“Shikamoo mzee, unapajua hapa?” Kaneez alimuuliza abiria wa tatu, mzee Kondo.

“Marahaba. Mto Kiwira huo, Tukuyu! Mawe ya volkano. Mie nilikuwaga naoga hapo nikipeleka malori.”

Tabu uvumilivu ukamshinda. “Mbona amesimama juu ya zulia?”

Mzee hakutetereka. “Enzi zetu yalitandikwa, binti. Mawe yanateleza.”

Bajaji ikasimama stendi. Kaneez akanyanyua begi lake. “Hilo pazia la kuchorwa la studio ya picha, mzee, Kariakoo. Baba hakuwahi kufika hata Kibaha. Nilitaka jina la mto tu, nikakate tiketi, nikapaone kwa niaba yake.”